Sahihi ya Muuguzi kwenye Cheti cha Dawa



Mwezi uliopita, tulipotoka Misa ya kwanza, alinifuata mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, mtu mwenye heshima zake, akaniambia, "Sista, kuna jambo linanisumbua." (Mimi si mtawa, nina mume na watoto wanne, lakini wauguzi wa umri wangu tumezoea kuitwa sista.) Alinieleza kwamba alikuwa ametoka Uganda kumwona dada yake, aliyeolewa upande wa Mbarara, ambaye ana saratani ya titi iliyokwisha kuenea mpaka mifupani. Kando ya kitanda alikuta chupa yenye maji ya kijani. Akasoma maandishi yake: mofini. Akaomba aonyeshwe cheti cha dawa. Chini ya cheti palikuwa na sahihi, na chini ya sahihi palikuwa na cheo cha aliyeandika: muuguzi. Si daktari.

"Sasa Sista," akaniuliza, "muuguzi anaweza kuandika dawa kali namna ile? Au wamekwisha kumwona dada yangu ni wa kufa tu, wanammalizia?"

Nilimjibu kwa kifupi palepale, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza. Lakini swali lake ni kubwa kuliko dakika tano za mlangoni pa kanisa, na nina hakika wapo wengine wanaojiuliza hivyo hivyo wanapoona sahihi ya muuguzi mahali walipotegemea kuona ya daktari. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya sheria zinazosema muuguzi afanye nini na asifanye nini.

Watu wengi hudhani tofauti kati ya daktari na muuguzi ni elimu tu: huyu amesoma miaka mingi, yule michache. Elimu ni sehemu ya jambo hili. Sehemu ya pili ni sheria. Sheria ndiyo inayosema nani ampime mgonjwa na kuutaja ugonjwa wake, nani aandike dawa, dawa zipi, na nani atakayejibu mambo yakiharibika. Muuguzi anaweza kuijua dawa na kipimo chake kwa sababu ameitoa kwa mikono yake miaka ishirini, na bado asiwe na ruhusa ya kuiandika. Kujua ni jambo moja, kuruhusiwa ni jingine.

Hapa kwetu Tanzania kazi yetu inaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kwa sheria hiyo mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi au ukunga bila kuandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na bila kuwa na leseni ambayo muda wake haujaisha. Si utovu wa adabu kumwuliza muuguzi kama ana leseni. Hatutakasirika. Wengine watakasirika kidogo, lakini wataionyesha.

Sababu ya ukali huu nimeiona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita aliletwa wodini kwetu mtoto wa miaka mitatu, mguu mmoja anauburuta. Alikuwa na homa, wazazi wakampeleka kwa kijana mmoja wa kijijini mwenye kibanda cha dawa na koti jeupe. Kijana akamchoma sindano tako la kulia, na sindano ikaingia kwenye mshipa mkubwa wa fahamu unaopita pale kwenda mguuni. Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na mafunzo wala leseni, na wazazi hawakuuliza, kwa sababu kijiji kizima kilimwita dokta. Kijijini kila mwenye koti jeupe ni dokta, hata anayefagia maabara. Mtoto yule sasa ni mtu mzima na bado anachechemea.

Lakini nimeona na upande wa pili. Nilipokuwa bado kijana, katika hospitali moja niliyofanyia kazi, tulikuwa na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Ijumaa jioni maumivu yakamzidi. Mofini ilikuwapo, imefungiwa kwenye kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Kilichokosekana ni sahihi. Daktari alikuwa amesafiri, na aliyetakiwa kushika nafasi yake hakupatikana. Tulimpa panadoli, tukamgeuza, tukamkanda mgongo kwa maji ya moto, tukasali naye. Wagonjwa wengine wa wodi ile hawakulala. Jumatatu saa tatu asubuhi daktari alifika, akaandika mstari mmoja, nikafungua kabati, na kabla ya saa nne na nusu yule mama alikuwa amesinzia. Kati ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumatatu saa tatu asubuhi ni saa 63. Nilijua la kumpa. Sikuruhusiwa, na sikuvunja sheria, wala leo sisemi kwamba ningeivunja. Ila sauti ya mama yule bado naisikia.

Basi ugumu wa sheria hizi uko hapa: utamzuiaje yule kijana wa sindano bila kumfunga mikono muuguzi wa zamu ya Ijumaa?

Wamarekani walivyoanza

Nchi ambayo imehangaika na swali hili kwa muda mrefu ni Marekani. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi aitwaye Loretta Ford na daktari wa watoto aitwaye Henry Silver walianzisha mafunzo ya namna mpya. Mama Ford alikuwa amefanya kazi ya afya ya jamii, akaona watoto wa vijijini wasio na daktari karibu, na wauguzi waliokuwa wakiwahudumia kadiri walivyoweza. Wazo lao lilikuwa kumchukua muuguzi mwenye uzoefu na kumwongezea elimu ya kumpima mtoto kikamilifu, kutambua magonjwa ya kawaida, kuyatibu, na kujua ni lipi lazima lipelekwe kwa daktari. Muuguzi wa namna hiyo hana jina lililozoeleka katika Kiswahili. Mimi hapa nitamwita muuguzi mtabibu. Mama Ford alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104, akiwa ameona wauguzi watabibu wa nchi yake wakifikia mamia ya maelfu.

Elimu ilitangulia, sheria ikafuata polepole. Mwaka 1971 jimbo la Idaho lilikuwa la kwanza kukubali katika sheria kwamba muuguzi mwenye mafunzo ya ziada anaweza kutambua ugonjwa na kuutibu. Majimbo mengine yalifuata, kila moja kwa mwendo wake, kwa maana Marekani kila jimbo lina sheria yake ya uuguzi. Leo katika zaidi ya nusu ya majimbo muuguzi mtabibu anapima, anatibu na kuandika dawa kwa leseni yake mwenyewe. Katika mengine ni lazima awe na mkataba wa maandishi na daktari. Katika mengine tena, kama vile Texas, haandiki dawa mpaka daktari amkabidhi madaraka hayo na kumsimamia. New York walishika njia ya katikati: kuanzia mwaka 2015, muuguzi mtabibu akishafikisha saa 3,600 za kazi aliachiliwa ule mkataba wa maandishi. Kwa hiyo mtu yuleyule, mwenye cheti kilekile, akivuka mto kuingia jimbo la pili anaweza kupoteza nusu ya kazi yake.

Mkataba huo na daktari nao una mambo yake. Si lazima daktari awe amemwona mgonjwa, na pengine wala hakai mji uleule. Wapo wauguzi wanaomlipa daktari kila mwezi kwa ajili ya sahihi tu. Na daktari huyo akifa, au akistaafu, au akihamia mbali, muuguzi hulazimika kuacha kutibu mpaka ampate mwingine wa kutia sahihi, hata kama wagonjwa wake wako nje wanamngoja. Mimi nikisoma habari hizo nakumbuka ule ufunguo mfukoni mwangu.

Vyama vya madaktari huko vimepinga kuwaachia wauguzi watabibu wafanye kazi peke yao, na hoja yao si ya kupuuzwa. Daktari hufundishwa saa nyingi zaidi sana kando ya kitanda cha mgonjwa, na ugonjwa wa hatari mara nyingi huanza kwa dalili za ugonjwa mdogo: kikohozi ni kikohozi mpaka siku kitakapokuwa kitu kingine. Wauguzi nao wamejibu kwa utafiti. Mmoja unaotajwa sana ulifanyika New York na kuchapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 1,316 waligawanywa kama kwa kupiga kura, wengine wakapewa wauguzi watabibu waliokuwa na madaraka sawa na madaktari, wengine wakapewa madaktari. Baada ya miezi sita hali za afya zao hazikuwa na tofauti ya maana. Ila tuseme ukweli wote: hao walikuwa wagonjwa wa kliniki za kawaida, wenye pumu, kisukari, shinikizo la damu. Hawakuwa wa chumba cha upasuaji.

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Kwa miongo mingi hapa Tanzania madaktari wasaidizi, ambao hawakupitia shahada ya udaktari, wamefanya upasuaji wa kumtoa mtoto katika hospitali za wilaya na za misheni. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mlizaliwa mikononi mwao. Walifundishwa kazi ile, wakaruhusiwa na sheria kazi ile, na ukivuka pale walikuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa.

Chupa ya kijani

Sasa turudi Mbarara, kwa dada wa yule mzee.

Sheria ya dawa ya Uganda ya mwaka 1993 iliiweka mofini na jamaa zake mikononi mwa watu wa aina tatu tu: madaktari, madaktari wa meno, na madaktari wa mifugo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Aliyetibu ng'ombe aliruhusiwa kuiandika. Aliyemlaza binadamu na kumwogesha hakuruhusiwa.

Mwaka huohuo wa 1993 daktari mmoja mama, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool nchini Uingereza aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akianzia katika kinyumba alichoazimwa na Hospitali ya Nsambya, ambayo ni hospitali ya Kanisa. Kazi yake ilikuwa tiba shufaa, yaani kumtunza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona, kumpunguzia maumivu na mateso mengine, na kuisaidia familia yake. Dawa yake kubwa ilikuwa mofini ya kunywa. Haikuwa ya gharama kubwa: unga wa mofini, maji safi, kitu kidogo cha kuzuia isiharibike, na rangi. Rangi ndiyo inayomsaidia hata asiyejua kusoma. Kijani ni ile nyepesi, waridi ni yenye nguvu zaidi, na bluu ni kali kuliko zote. Dakta Merriman alifariki mwaka 2025, miaka 32 baada ya kuanza katika kinyumba kile. Shirika lake, likishirikiana na serikali, ndilo limekuwa likiitengenezea nchi ile mofini hiyo ya maji.

Lakini turudi miaka ile ya mwanzo. Wagonjwa wa tiba shufaa hawako hospitalini. Wako nyumbani, kwenye migomba, maili nyingi kutoka barabara ya lami. Anayewafikia ni muuguzi. Anamkuta mgonjwa amejikunja kwa maumivu, anajua kwa hakika kinachotakiwa, kisha anarudi mjini kutafuta sahihi ya daktari. Dawa ipo, muuguzi yupo, mgonjwa yupo, na sahihi iko mjini.

Mwaka 2004 serikali ya Uganda ilitoa kanuni mpya. Kwa kanuni hizo, muuguzi au tabibu aliyehitimu mafunzo maalumu ya tiba shufaa, na ambaye ameandikishwa, anaruhusiwa kuandika mofini kwa wagonjwa wake. Ilikuwa nchi ya kwanza katika Afrika kufanya hivyo.

Naomba msomaji aliangalie vizuri neno "maalumu". Ruhusa haikutolewa kwa kila muuguzi wa Uganda. Kozi yenyewe ni ya miezi tisa, sehemu darasani na sehemu kwa wagonjwa. Mimi na stashahada yangu, na miaka yangu zaidi ya thelathini wodini, nikihamia Mbarara kesho siwezi kuandika hata chupa moja ya kijani mpaka nikae darasani na vijana niwe mwanafunzi tena. Naona ni haki. Ruhusa imefungwa kwenye mafunzo ya jambo lenyewe, haikufungwa kwenye cheo wala mvi. Muuguzi huyo haruhusiwi kwa sababu hiyo kuandika kila dawa, wala kupasua, wala kujiita daktari. Anaruhusiwa jambo moja analolijua, na anajibu kwa jambo hilo moja. Mimi naona hapo ndipo yule kijana wa sindano na yule muuguzi wa Ijumaa wanapotenganishwa.

Kulikuwa na hofu, na hofu hiyo ipo kila mahali. Walihofia dawa itaibwa na kuuzwa mitaani. Ndiyo maana kila chupa huandikwa daftarini: imetoka lini, imekwenda kwa nani, kiasi gani kimetumika, kiasi gani kimerudi. Wengine walihofia uraibu. Hapa nataka nieleweke: mgonjwa mwenye maumivu makali ya saratani anayepewa mofini kwa kipimo sahihi hawi kama kijana anayevuta dawa za kulevya. Anatafuta kukaa, kula uji, kuzungumza na wanawe, na hofu ya uraibu isiwe sababu ya kumnyima dawa. Mwili wake utaizoea dawa, hivyo haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo na aliyeiandika.

Na ile hofu ya mzee wetu, kwamba "wanammalizia"? Mofini inayotolewa kwa kipimo cha kuondoa maumivu haitolewi ili kuua. Papa Pius XII alilijibu swali hili mbele ya madaktari mwaka 1957, akasema ni halali kumwondolea mgonjwa maumivu kwa dawa za namna hii pale njia nyingine zinaposhindwa, hata kama kuna hatari ya kufupisha maisha, mradi kifo chenyewe si lengo. Kwa uzoefu wa wodini nitaongeza jambo moja dogo: mgonjwa aliyepata nafuu ya maumivu mara nyingi huanza tena kula na kulala, na ndugu hushangaa kumwona ameketi mlangoni anaota jua.

Ikiwa mofini iko nyumbani kwenu

Mofini ya maji hutuliza kwa muda wa saa nne hivi. Kwa hiyo hunywewa kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Utaratibu wa kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Mara nyingi kipimo cha saa nne usiku huandikwa mara mbili ya kile cha mchana ili mgonjwa alale mpaka asubuhi, lakini fuata kilichoandikwa kwenye cheti chako, si kilichoandikwa hapa wala kile cha jirani. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la huruma: familia inaihifadhi dawa "kwa siku mbaya". Mgonjwa anateseka mchana kutwa, kisha anapewa usiku akiwa amekwisha kuchoka, na inachukua muda mrefu zaidi kumtuliza.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na pengine kichefuchefu kitamsumbua. Mara nyingi hayo hupita. Kisichopita ni kufunga choo. Muuguzi anayejua kazi yake huandika dawa ya kulainisha choo siku ileile anayoandika mofini, na kama hakuandika, muulize. Maji ya kutosha na papai vinasaidia, lakini peke yake havitoshi. Mgonjwa akisinzia kiasi cha kutoamshika, au pumzi zikawa chache na za polepole, usimpe kipimo kinachofuata. Tafuta msaada upesi. Chupa ifungiwe mahali mtoto hafiki. Maji ya kijani yanafanana na juisi.

Aliyeandika atakuuliza maumivu ni kiasi gani. Tunatumia mkono. Ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vyote vitano ni maumivu makubwa kuliko yote. Mgonjwa mwenyewe ndiye aonyeshe, si mume wake wala mkwe. Akina mama wa huku wamefundishwa kuvumilia, na nimeona mama akionyesha vidole viwili mbele ya wageni, nao wakitoka anaonyesha vitano.

Hali kadhalika, ukiona sahihi ya muuguzi kwenye cheti cha dawa, popote ulipo, huna haja ya kuogopa wala kunyamaza. Muulize amepata mafunzo gani juu ya dawa hiyo, leseni yake inamruhusu kuiandika, na mambo yakimshinda atampeleka mgonjwa kwa nani. Aliyefundishwa atajibu maswali hayo matatu bila kigugumizi. Hilo la tatu ndilo ninalolipima mimi. Mtu asiyejua mipaka yake hana jibu la swali la tatu.

Jambo jingine kwa sisi tulio karibu na mpaka: msivuke Mutukula na chupa ya mofini mfukoni kwa kumhurumia ndugu. Ruhusa ya muuguzi wa Uganda ni ya Uganda. Mofini ni dawa inayodhibitiwa na sheria ya kila nchi, na huruma yako inaweza kukufikisha polisi. Na si lazima. Mofini ya maji ipo Tanzania pia. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikiitengeneza kwa miaka mingi. Kama nyumbani una mgonjwa ambaye panadoli hazimsaidii tena, usingoje mpaka azidiwe usiku wa Ijumaa. Nenda hospitali mapema katika juma, na ukifika, neno la kwanza kulitaja liwe "maumivu", kabla ya kueleza habari za nauli na za vipimo. Mimi mpaka leo siandiki mofini. Ninachoandika ni idadi ya vidole kwenye karatasi ya mgonjwa, kila saa nne, kwa kalamu nyekundu, na daktari wetu amenizoea. Akiona wino mwekundu anauliza kabla sijasema.

Yule mzee alikwenda tena Mbarara wiki mbili baadaye, akakutana na muuguzi mwenyewe aliyetia sahihi. Alimkuta ni binti wa umri wa mwanawe, amekuja kwa pikipiki na begi mgongoni. Akamwuliza maswali yote matatu. Binti alitoa kitambulisho chake, akamweleza kozi aliyosoma, akataja jina la daktari wa mjini na namba yake ya simu iliyoandikwa nyuma ya cheti, ambayo mzee hakuwa ameigeuza kuiona.

Dada yake alifariki wiki iliyopita, alfajiri, akiwa amelala. Baada ya maziko yule muuguzi alirudi, akaomba chupa iliyobaki. Akaimimina kwenye kipimo mbele ya familia, akaandika kiasi kwenye daftari lake, na mzee wetu akatakiwa atie sahihi yake pembeni kama shahidi.